Kichaka cha Nyuma ya Tangi

Aminieli Sumari alikuwa mtunza bustani pale Sekei, na kama hukumjua basi kosa ni lako, maana yeye alijitahidi sana umjue. Mmeru mrefu, mwembamba, kofia ya kijani aliyoachiwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao, na shingo ya mtu anayechungulia ng'ambo ya ukuta siku zote. Ukikutana naye njiani umeshika jani, umekwisha. Atakunyang'anya, atalisugua, atalinusa, ataling'ata kidogo, kisha atakutajia jina lake, ugonjwa linaoutibu, na mzungu aliyelileta nchini. Mara nyingi alipatia, hilo lazima lisemwe. Na siku asipopatia alisema kwa sauti ileile, kwa hiyo nani angejua?

Siku hizo Mwingereza ndiye mwenye nchi, na bibi aliyemwajiri Aminieli alikuwa Mwingereza mjane, mpenda maua kuliko watu, ingawa watu nao hakuwachukia. Kila mtu alimwita Memsabu, basi na sisi tumwite hivyohivyo. Huyo Memsabu alikuwa amenunua shamba la zamani juu ya Kikatiti, la Mjerumani aliyeondolewa wakati wa vita vya Hitla. Nyumba ilikuwa bado imesimama, lakini bustani imegeuka msitu. Kabla hajaenda kuikagua, farasi akambwaga, mguu ukavunjika, akafungwa plasta mpaka gotini. Ndipo mdogo wake wa kiume akaenda na kamera, akapiga picha kila kichaka kilichoizunguka nyumba ile, akazisafisha, akamletea dada yake barazani.

"Aminieli, njoo," Memsabu akaita siku ya Jumamosi. "Tazama picha. Wewe sema jina. Kama zuri, baki. Kama baya, Jumatatu trekta toa."

Aminieli akavua kofia, akaketi kwenye ngazi kama hakimu. Mpishi Ephraimu, Mmeru mwenzake, jirani yake na mtani wake wa miaka yote, alikuwa ameleta chai. Chai alikwisha kuiweka mezani zamani, ila miguu ilikuwa haitaki kuondoka.

Picha zenyewe zilikuwa nyeusi na nyeupe, kama picha zote za enzi ile. Ua kijivu, jani kijivu, mbingu kijivu. Aminieli akashika ya kwanza, na kwa mazoea akaipeleka puani. Ilinuka dawa. Akaikwaruza kwa ukucha.

"Unangoja itoe utomvu?" Ephraimu akauliza.

"Mwambie mpishi wako huyu arudi jikoni, Memsabu. Kuna kitu kinaungua."

Lakini alipokwisha kuzoea ule ukijivu, bwana, akawaka. "Hii bugenvilia. Tazama inavyojitupa ukutani kama mlevi. Ya zambarau."

"Zambarau umeionea wapi hapo?" Ephraimu akadakia.

"Nyekundu haijiachii hivi. Hii hapa waridi, imekosa mkasi tangu Mjerumani aondoke, masikini. Hii asumini. Hii michongoma, iache, itazuia ng'ombe wa watu." Memsabu anaandika nyuma ya kila picha, anacheka, anamimina chai, na Aminieli shingo inazidi kurefuka.

Ikaja picha moja iliyopigwa kutoka juu ya ngazi za nyuma. Pembeni lilionekana tangi la maji, na mbele ya tangi kichaka kinene, cha mviringo, majani marefu yametawanyika huku na huku. Siku ile upepo ulikuwa umeyatikisa, na jua limeyapiga yakatoka meupe. Kilionekana kama dudu kubwa lenye miguu mingi lililolala chali. Aminieli akaigeuza picha. Akaigeuza tena. Ukweli ni kwamba hakujua.

Ephraimu akainama begani kwake. "Hiki mbona kama kitu cha kwetu?"

Na huenda bila Ephraimu angesema tu kwamba hajui, mambo yakaisha. Lakini Ephraimu ndiye wa kumfundisha yeye mmea? "Cha kwenu wapi?" akamgeukia. "Kwenye bustani ya Mjerumani? Mjerumani apande vitu vya kwenu? Wewe jua chumvi imekolea au haijakolea!"

Memsabu akacheka sana. Ephraimu akachukua sinia lake akaenda zake. Sasa Aminieli angerudije nyuma?

"Hili lilikuja na meli, Memsabu," akasema. "Pambo tu. Linakula ardhi na kuficha nyoka. Ng'oa."

Memsabu akachora msalaba nyuma ya ile picha. "Wewe profesa, Aminieli," akasema.

Hilo neno ndilo lililomlewesha. Jumapili baada ya ibada alilipeleka Kimandolu kama mtu aliyebeba mbuzi wa zawadi. Pale kando ya barabara alikaa mjane mmoja wa Kichaga, Mama Elifuraha, Mlutheri kama Aminieli, muuza maziwa na ndizi, na benchi lake ndilo walilopumzikia watu wakitoka kanisani. Mama huyu alizipenda hadithi za Aminieli kuliko hata mke wake Aminieli, ambaye alikuwa amezichoka. Basi jamaa akamwaga yote. Hadithi ilipofika Kimandolu picha zilikuwa zimeongezeka, na Memsabu alikuwa amesimama na plasta yake ampe mkono.

"Profesa!" Mama Elifuraha akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akamjazia kibuyu maziwa mgando, yale ya chini mazito anayoyaweka kwa wageni. "Kunywa, baba, umetutoa kimasomaso. Shamba gani hilo?"

"La yule Mjerumani. Juu ya Kikatiti."

"Ala! Si ndiko alikolala marehemu wangu."

Aminieli akashusha kibuyu.

"Alikuwa nyapara pale," mama akaeleza, bado anatabasamu. "Alikufa katikati ya masika, wakati wa vita, Mjerumani bado hajaondolewa. Petroli hakuna, barabara imekatika, tungemfikishaje kwao Machame? Mjerumani akasema mzikeni hapahapa, nyuma ya nyumba, karibu na tangi. Saruji nayo hatukuwa nayo. Nikampandia masale kumzunguka, kama tunavyofanya kwetu. Huwa naenda kuyapunguza na kukaa naye kidogo, ila safari hii goti limenikatalia. Yatakuwa yamefunga kweli! Hukuyaona kwenye hizo picha?"

Isale! Mmeru gani, Mchaga gani, asiyelijua isale? Ndilo linalosimama mpakani, na hakuna atakayelisogeza. Ndilo linaloonyesha mtu amelala wapi. Na ukimkosea mwenzako, hata uwe umemuulia ng'ombe, ukimwendea na isale mkononi hakufukuzi. Aminieli aliyaruka masale kila asubuhi akitoka kihambani kwake, kwenye migomba. Lakini kwake yeye, kilichoota kwenye bustani ya mzungu kilikuwa cha mzungu. Kichwa chake hakikuwa na nafasi ya kuweka isale huko. Sasa, hapo kwenye benchi, bila picha yoyote mkononi, aliliona jani moja moja.

"Sikuyaona, mama," akasema. "Pengine hawakupiga upande huo."

"Basi ukienda uniangalizie."

"Nitakuangalizia."

Akamaliza maziwa kwa sababu kuyaacha kungeonekana. Yalishuka kama mchanga.

Kutoka Kimandolu mpaka Sekei si mbali. Angeweza kugeuza njia palepale na viatu vyake vya Jumapili, amwambie Memsabu: nimekosea, hilo ni kaburi la mtu. Maneno yenyewe hayafiki hata kumi. Lakini alipoyajaribu mdomoni, lile neno la kwanza lilikwama. Akajipa moyo: mimea yenye majani marefu ni mingi. Huenda masale ya mama yako upande wa pili wa tangi. Akajiambia, kesho asubuhi na mapema, kabla ya trekta. Akaenda nyumbani, na mkewe Hanna alipomuuliza mbona leo yuko kimya, akasema tumbo.

Jumatatu aliwahi kweli. Lakini Memsabu naye alikuwa na wageni waliolala kwake, mabibi wawili wa Kiingereza, wanakunywa chai barazani.

"Huyu ndiye profesa wangu!" akawaambia. Na kabla Aminieli hajafungua kinywa, bibi mmoja akachomoa jani dogo lililopamba kofia yake mwenyewe, akampa, alitambue. Mkono wa Aminieli ukafanya kazi yake wenyewe: ukasugua, ukapeleka puani. Akataja jina. Alipatia. Wakampigia makofi, na Ephraimu akiwa mlangoni pa jikoni anatazama.

"Memsabu," Aminieli akaanza.

"Ndiyo, Aminieli?"

Nyuso zote zilikuwa zinamtazama kwa furaha. Hajawahi kutazamwa hivyo na watu wengi hivyo.

"Waridi... nimwagilie sasa?"

"Mwagilia, mwagilia."

Akaenda akashika mpira wa maji. Alimwagilia waridi moja mpaka likaogelea, mpaka udongo ukaanza kukimbia kwenye njia. Mdogo wake Memsabu alikuwa ameondoka na gari alfajiri kwenda kumwonyesha mtu wa trekta kazi. Aminieli alijua hivyo tangu alipoingia getini. Ghafla akautupa mpira chini, unamwaga hivyohivyo, akatoka.

"Unakwenda wapi wewe?" Ephraimu akamfuata getini.

"Kikatiti."

"Kufanya nini?"

Aminieli alikuwa ameshashika komeo la geti. Ephraimu alikuwa na la kumtania, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akaona ule uso, akalimeza, akarudi kufunga mpira.

Aminieli alipata lori la kwenda Moshi, akateremka Kikatiti, akapanda kilima nusu mbio na umri wake ule. Bugenvilia ilikuwepo, imejitupa ukutani, ya zambarau kama alivyosema. Waridi lilikuwepo. Michongoma ilikuwepo. Kila alichosema kibaki kilibaki. Nyuma ya nyumba, kuanzia kwenye tangi mpaka kwenye mibuni, ardhi ilikuwa imepinduliwa yote, nyekundu, laini, nzuri ya kupanda chochote.

Dereva, kijana wa Kiarusha aliyeitwa Lemburis, alikuwa anakula kivulini mwa trekta. "Shikamoo, mzee. Umekuja kukagua? Nimesafisha, hata jiwe hakuna."

"Marahaba. Kulikuwa na... hapa kulikuwa na masale."

"Yako kwenye lile fungu." Lemburis akaacha kutafuna. "Hata mimi nilishangaa, mzee. Nikamuuliza yule bwana, akasema profesa wa bustani amekwisha kuyaona, amesema yang'olewe. Nikasema kama msomi ameyaona, mimi nani?"

"Yalikuwa mahali gani hasa?"

Lemburis akanyoosha mkono, akausogeza kushoto, akaurudisha. "Hapo. Au pale. Nimepita mara nyingi, mzee. Sasa yote ni udongo."

Masale yalikuwa juu ya fungu, mizizi hewani, majani bado ya kijani kabisa kama hayajaambiwa habari. Aminieli akachagua moja zima. Hakufikiri, alishika tu lililokuwa karibu, kwa sababu alijua anakokwenda na alijua huko haendi mtu mikono mitupu.

Mwanamume akipita na isale, dunia nzima inajua amekosa. Ndiyo maana watu huenda nalo jioni, kwa njia za vichochoroni. Aminieli alikwenda nalo mchana, juu ya lori la ndizi. Akalifunika kwa koti. Koti likafunika shina, majani yakatokea shingoni, yanamkuna kidevu.

"Haya, baba," mama mmoja aliyekaa juu ya mikungu akaanza, "umemkosea mke au mkwe?"

"Mkwe," mwenzake akajibu badala yake. "Isale la mke huwa dogo. Hilo refu hivyo, huyu amechoma nyumba."

"Na kofia yake nzuri hivyo! Mwizi wa kofia!"

Lori zima likacheka. Siku nyingine Aminieli angewajibu hao mmoja baada ya mwingine mpaka waombe po. Leo alitazama barabara. Majani yalikuwa yanamkuna, na hakuinua mkono kuyaondoa.

Mama Elifuraha alimwona kabla hajafika kwenye benchi. Aliliona isale kwanza, akaanza kucheka akidhani ni hadithi mpya inakuja. "Profesa! Umemfanya nini Hanna wa watu?"

"Si Hanna," akasema Aminieli. "Shikamoo, mama." Akatoa isale kwenye koti, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Mama hakuitikia salamu. Alikuwa anatazama mizizi, ule udongo mwekundu ulioganda kwenye mizizi. Huku Kimandolu udongo si wa rangi ile.

"Limetoka wapi hili?"

"Kikatiti."

"Limetoka kwake?"

"Nilionyeshwa kwenye picha, sikulijua. Nikasema ling'olewe. Yote yameng'olewa, mama."

Wateja wawili waliokuwa wanangoja maziwa wakasogea pembeni. Mama Elifuraha akaketi kwenye benchi polepole, kwa sababu ya goti.

"Umeng'oa isale la mume wangu," akasema, "ndilo umeniletea kuniombea msamaha?"

Hapo ndipo Aminieli alipoona alichokishika. Njia yote ile, lori lote lile, hakuwa ameona. Akatamani ardhi ya Kimandolu ipinduliwe nayo, yeye akiwa juu yake.

"Na jana nilikwambia," mama akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nilikwambia yapo pale. Ulikuwa umekaa hapahapa."

"Uliniambia."

"Ulikuwa umekwisha kujua?"

Angeweza kusema bado. Nani angejua? Hakuna aliyekuwa ndani ya kichwa chake. "Nilijua uliponiambia," akasema. "Trekta lilikuwa bado. Niliona haya kumwambia mzungu kwamba nimekosea."

"Ukanywa maziwa."

"Nikanywa."

Mama akanyoosha mkono, akalichukua. "Siwezi kulikataa. Unajua siwezi, ndiyo maana umelileta. Basi nimelipokea." Akaliweka mapajani, akaanza kuyapangusa majani vumbi la barabarani. "Isale nimelipokea. Wewe bado. Sasa nenda. Kesho utanipeleka kwa huyo mzungu wako, tuchukue hiyo picha."

Walikwenda. Aminieli alisema yote pale barazani, kofia mkononi, mbele ya Memsabu, mbele ya wale mabibi wawili, mbele ya Ephraimu aliyeitwa kuleta kiti cha mama. Memsabu mwanzoni akacheka: "Lakini wewe profesa!" Kisha akamwona mama na isale lake limefungwa kwenye kitambaa chenye maji, akaacha kucheka, akaitafuta picha mwenyewe. Akasema pole. Akasema kipande kile kisilimwe, mama apande tu. Hakumkaripia Aminieli hata kidogo, na Aminieli alikuwa amejiandaa kukaripiwa; hakujua afanye nini na yale maandalizi.

Mama Elifuraha akaitazama picha mara moja tu. Hakuigeuza. "Ndiyo haya," akasema. "Yamestawi." Akaigusa kwa kidole, kwa upole, kama mtu anavyogusa uso.

Huko juu ya Kikatiti mama alipanda zile ngazi za nyuma moja moja, akasimama pale aliposimama mwenye kamera. Akaishika picha mbele ya macho. Akatazama tangi la kwenye picha, akatazama tangi lenyewe.

"Nenda kwenye udongo," akamwambia Aminieli. "Simama."

Aminieli akaenda.

"Songa huku. Huku nilikoelekeza. Tena. Umepita, rudi."

"Hapa, mama? Nadhani kutokana na kona ya tangi ile..."

"Usiseme kitu. Simama tu."

Akasimama. Jua lilikuwa kali na udongo uliolimwa unameza viatu. Lemburis alikuwa mbali kwenye mibuni, amezima trekta, anatazama. Mama alitazama picha, akamtazama Aminieli, akatazama picha, muda mrefu, kama anayelinganisha urefu na unene. Akamwambia ashushe mikono, kisha ainue kidogo. Aliinua. Jasho likamwingia machoni na hakulifuta, kwa sababu hakuwa ameambiwa alifute.

"Hapohapo," mama akasema mwishowe.

Akashuka ngazi taratibu, akavuka udongo na jembe lake dogo na isale, akafika alipo. Aminieli akainama apokee jembe. Mama hakumpa. Akamsukuma kwa kiganja begani, kama unavyosogeza mlango, akapiga magoti pale miguu yake ilipokuwa, akaanza kuchimba.